Kuchagua seluli ya mashine mpya ya santuri: anza na santuri ulizo nazo

Wadogo zangu mnaoanza kusikiliza santuri hapa Lubumbashi huniuliza mara kwa mara seluli gani inafaa kwa mashine mpya, yaani kile kichwa kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya mkono na kugeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme. Kabla ya kuwajibu, mimi huwauliza wana santuri gani nyumbani.

Sina nia ya kukwepa swali. Nyingi ya santuri ninazoziona katika nyumba za mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za miaka ya 1960 na 1970, ambazo zilipigwa usiku kucha kwa sindano zilizokwisha makali. Familia chache bado zimehifadhi zile nzito za mizunguko 78, za enzi ambazo Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, alirekodiwa gitaa lake kwa mara ya kwanza, mwaka 1952. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana, nao unahitaji sindano yenye ncha ya mikroni 75 hivi, ilhali ncha ya kawaida ya duara ina mikroni 18 hivi tu. Ukiipiga santuri hiyo kwa sindano ya kawaida, sindano inazama hadi chini ya mfereji na kusugua uchafu wa miaka sabini, na unachosikia ni mchakacho mtupu.

Kwa sababu hiyo napendelea seluli ambayo sindano yake huchomolewa na kubadilishwa kwa mkono. Katika jamii ya seluli za VM95 za kampuni ya Audio-Technica, kwa mfano, mwili mmoja hupokea sindano za aina kadhaa, kuanzia ya duara ya bei nafuu hadi ile ya 78. Hata hivyo, ile ya 78 hutaka kukandamizwa juu ya santuri kwa uzito wa gramu 5 hivi, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba mkono wa mashine yako unafika huko na kwamba mashine yenyewe ina mwendo wa 78, kwa kuwa nyingi za siku hizi hazina. Kwa santuri za 45 zilizochakaa, sindano ya duara hunitosha. Ile ya duaradufu huchimbua mengi zaidi, yakiwemo makovu yote ya santuri.

Jambo la pili ni amplifaya. Seluli ya sumaku, ambayo sindano yake hutikisa sumaku ndogo, hutoa milivolti 3 hadi 5, na tundu la fono (la kuingizia mashine ya santuri) la amplifaya nyingi za nyumbani limetengenezwa kwa ajili yake. Seluli ya koili, ambayo sindano yake hutikisa koili za waya, aghalabu hutoa chini ya nusu milivolti. Mwaka wangu wa pili nilitumia akiba ya miezi mingi kununua ya koili kwa sababu nilikuwa nimesoma sifa zake, nikaifunga, nikapandisha sauti hadi mwisho, na gitaa likasikika kama linapigwa nyumba ya jirani, huku spika zikivuma kwa nguvu kuliko muziki wenyewe. Nilikuwa sijajua kwamba ilihitaji kikuzaji chake cha ziada kabla ya amplifaya. Tena sindano ya aina hiyo, ikiisha, kwa kawaida huwezi kuibadilisha mwenyewe. Inabidi seluli nzima isafirishwe kwa fundi maalumu, na kwetu hapa hiyo ni safari ya ng'ambo. Anayeanza achukue ya sumaku.

Sasa nije kwenye kazi ambayo wengi huiharakisha, nayo ndiyo inayookoa santuri. Nyuma ya seluli kuna vipini vinne: cheupe na cha buluu ni vya upande wa kushoto, chekundu na cha kijani ni vya kulia. Viunganishe na nyaya za mkono zenye rangi hizo hizo, kwa koleo ndogo, kabla ya kukaza skurubu, ukiwa umeacha kifuniko cha sindano mahali pake. Kisha pima uzito wa sindano juu ya santuri kwa mizani ndogo ya kielektroniki, sehemu ya kupimia ikiwa kwenye kimo kile kile cha uso wa santuri. Chagua mizani isiyo na bamba la chuma kinachovutwa na sumaku, la sivyo namba itakudanganya. Seluli iliyoandikwa gramu 2 iwekewe gramu 2. Wengi hupunguza uzito wakiamini wanaihurumia santuri, kumbe sindano iliyo nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji, na kila inapotua hupasua ukuta wake. Kidonda hicho hakiponi.

Unapopanga bajeti, weka kando fedha ya sindano ya pili. Audio-Technica yenyewe hukadiria saa 300 za matumizi kwa sindano yake ya duaradufu na saa 1000 kwa ile nyembamba zaidi iitwayo maikrolinia, kwa hiyo ya bei kubwa huenda ikawa rahisi ukipiga hesabu ya saa. Mimi huandika saa zangu katika daftari lililo kando ya mashine.

Vumbi letu jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, hufupisha saa hizo. Kabla ya kila upande, safisha sindano kwa brashi laini, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwenda na kurudi, kwa maana kijiti kinachoishikilia ni chembamba kiasi kwamba msukumo mmoja wa kinyume hukipinda.