Ujumbe huu ni wa nani? Majibu ya barua zenu kuhusu magrupu ya mtaa

Habari zenu wapenzi wasomaji. Barua za safari hii kutoka Kigoma karibia zote zimekuja na jambo moja, magrupu madogo ya WhatsApp, yani yale ya watu sitini, themanini, mia na kidogo, la mtaa, la kikoba, la wachuuzi, la ukoo. Mi mwenyewe naishi Mwanga na ni admini wa moja la mtaa wetu kwahiyo haya mnayoniandikia nayaona kila siku asubuhi nikifungua simu. Nimechagua barua tano. Nyingine nitazijibu toleo lijalo, msichoke kusubiri.

Shikamoo anti. Grupu letu la mtaa huku Mwandiga tuko watu kama 140. Mwezi uliopita bodaboda iligongana na lori, kijana wa mtaani kwetu akafariki palepale. Haikuisha nusu saa picha zikawa kwenye grupu, damu na kila kitu na sura inaonekana kabisa. Mama yake mzazi yumo kwenye lile grupu, alikuwa sokoni anauza mawese, akafungua simu akamuona mwanae. Nilipolalamika nikaambiwa eti grupu ni la kupeana taarifa. Je ni mimi nisiyeelewa? (Mama wa Mwandiga)

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Barua yako nimeisoma nikaiweka chini nikaenda nje kidogo ndo nikarudi kuijibu.

We hujakosea kitu. Sisi tunajua msiba unavyopelekwa, hatujawahi kufundishwa darasani ila kila mtu anajua. Mama hapigiwi kelele barabarani kwamba mwanao kafa. Wanatafutwa watu wazima wawili watatu, anaitwa dada yake au shangazi wa marehemu, mama anaambiwa funga biashara twende nyumbani kijana hajisikii vizuri, anafika anakuta watu wameshakaa, anakalishwa, ndo anaambiwa, na wa kumshika wapo kulia na kushoto. Utaratibu wote huo una sababu, moyo wa mzazi unaweza kusimama. Sasa aliyeposti ile picha inawezekana kabisa hakuwa na nia mbaya, ila kiukweli yeye ndo aliyepeleka msiba, na kaupeleka kwa mama aliyesimama peke yake katikati ya madumu ya mawese. Hilo inabidi aambiwe hivyohivyo kama lilivyo.

Taarifa ya ajali inajulikana. Unaandika ajali imetokea sehemu fulani saa fulani, majeruhi wamekimbizwa hospitali fulani, ambaye ndugu yake katoka na pikipiki muda huu ampigie admini, na kama hospitali wanahitaji damu andika ni kundi gani waende wangapi. Basi. Hapo kila mwenye uwezo wa kusaidia anajua afanye nini na hakuna sura ya mtu iliyoanikwa. Picha haimsaidii majeruhi wala haimsaidii daktari.

Alafu waambie maadmini wenu kitu ambacho wengi hawakijui, tangu 2022 admini anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote kwenye grupu ikafutika kwa wote, anaibonyeza anaishikilia anachagua kufuta kwa kila mtu. Sio lazima aliyeposti akubali. Ila anatakiwa awahi, maana ikishapakuliwa kwenye simu ya mtu inabaki hukohuko. Mi niliwahi kuchelewa. Nilikuwa nimelala mchana, naamka nakuta picha ya namna hiyo ina dakika arobaini tangu ipostiwe, na watu tayari wamekwisha ipeleka magrupu mengine, tangu siku hiyo tuko maadmini wanne na tunapeana zamu.

Na huyo aliyeposti asiombe msamaha kwa kuandika kwenye grupu na stika ya mikono. Aende nyumbani kwa yule mama kwa miguu yake, aende na mtu mzima mmoja, akae chini, aseme. Ni ngumu lakini huko ndiko pa kusemea.

Anti habari ya kazi. Nanunua dagaa hapa Kibirizi napeleka Dar. Kwenye grupu letu la wachuuzi ilipita meseji kwamba ziwa linafungwa wiki inayofuata, nikanunua mzigo haraka haraka kwa bei ya juu. Ziwa halikufungwa, bei ikashuka, nimekula hasara kama laki nne. Aliyeituma ananijibu "mi nimetuma kama nilivyopokea". Naweza kumdai? (Mchuuzi, Kibirizi)

Nzuri mdogo wangu, pole na hasara.

Naelewa kwanini uliamini, kwasababu ziwa lilishawahi kufungwa kweli. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kila mtu wa mwaloni, yani pale vyombo vinaposhusha samaki, anakumbuka miezi ile mitatu ilivyokuwa, watu walikaa na madeni. Kwahiyo mtu akikwambia linafungwa tena hata hufikirii mara mbili, unakimbilia mzigo. Hofu yako ilikuwa na historia nyuma yake, usijione mjinga.

Lakini nikuulize. Ukifika mwaloni asubuhi ukakuta dagaa wameanikwa, unanunua bila kuuliza ni za nani? Unauliza. Unauliza ni za usiku wa leo au za juzi, zimekauka mchangani au kwenye chanja, unachukua kiganjani unanusa. Dagaa za elfu kumi unazikagua hivyo alafu meseji iliyokufanya utoe mamilioni haukuikagua hata kidogo? Meseji nayo ina mwenyewe. Nani kasema, kasema lini, kasema akiwa wapi. Hayo maneno "kama nilivyopokea" ndo yanayoua kila kitu kwenye magrupu yetu, maana yake ni kwamba ujumbe umetupwa uwanjani na hakuna anayesimama nao.

Na simu inakusaidia kidogo. Ukiona juu ya meseji kuna mishale miwili pamoja ujue imeshafowadiwa mara nyingi, imepita mikono ya watu watano na kuendelea, na tangu Aprili 2020 meseji ya hivyo WhatsApp wanakuruhusu kuipeleka sehemu moja tu kwa wakati. Mishale miwili haimaanishi ni uongo, inamaanisha imetoka mbali na huyo rafiki yako hamjui aliyeiandika.

Kufungwa kwa ziwa hakufanyiki kimyakimya jamani. Ziwa letu ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, jambo hilo linaongelewa kwanza, wizara inatangaza, mkoa unatangaza, na viongozi wa BMU, yani kikundi cha kulinda uvuvi pale mwaloni, wanaambiwa kabla yako. Mwenyekiti wa BMU wa Kibirizi we unamuona kila siku. Ungemuuliza kabla hujalipa hata senti.

Kuhusu kumdai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 ipo na ni kali, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote viwili, ila inamuhusu anayesambaza taarifa akijua ni ya uongo na ana nia ya kupotosha. Mwenzako na yeye kadanganywa, labda na yeye kanunua. Mi nisingempeleka popote. Ningemwita pembeni nimwambie hasara yangu ni hii, ili aione kwa shilingi. Alafu pelekeni pendekezo kwenye grupu lenu, kila anayeposti bei au habari ya ziwa aandike yuko mwalo gani na saa ngapi, na kama ni siku za giza au za mbalamwezi, kwasababu bei ya Kibirizi wakati wa giza sio bei ya mbalamwezi wakati vyombo vimelala, na kuna watu wako Dar wanasoma hiyo bei wanaweka oda bila kujua hilo.

Mambo anti, nataka kutoka kwenye grupu la niliosoma nao msingi, wanachati matusi na video chafu, ila naogopa wataniona najisikia. Nifanyeje? (Kijana, Gungu)

Toka. Sikuhizi ukitoka hailetwi taarifa kwa wote, wanaoarifiwa ni maadmini tu. Ukipenda mtumie rafiki mmoja unayemuamini umwambie kwanini. Na kwenye mipangilio ya faragha weka kwamba wanaoweza kukuunganisha kwenye magrupu ni watu uliowasevu tu, usije ukarudishwa kesho.

Anti shikamoo. Mweka hazina wa kikoba chetu amepata ujumbe kutoka namba ya mwenzetu, "nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya naomba unirudishie". Akazituma. Baada ya hapo WhatsApp yake ikachukuliwa na huyo mtu akaanza kuomba hela kwenye grupu kwa jina lake, wanawake watatu walituma. Sasa kuna wanaosema mweka hazina alipe. (Mwanakikoba, Kasulu)

Marahaba. Hapana, asilipe peke yake kama mwizi, na yeye kaibiwa.

Hizo namba sita ndo funguo za akaunti yake ya WhatsApp. Mwizi aliingiza namba ya mweka hazina kwenye simu nyingine, mtandao ukatuma namba sita kwa mwenyewe kuhakikisha, na mwizi akaziomba akijifanya ni mwenzenu, ambaye akaunti yake nayo bila shaka ilishachukuliwa hivyohivyo. Kwahiyo hakuna mtu duniani anayetumiwa namba sita zake kwenye simu yako kwa bahati mbaya, zikija kwako ni zako. Afungue tena WhatsApp kwa laini yake mwenyewe, zitakuja namba mpya, mwizi atatolewa. Alafu kila mmoja wenu awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ni namba ya siri ya pili unayoitunga mwenyewe, hata mtu akipata zile sita hapiti. Namba ya simu iliyopokea hela itumeni 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mwende polisi na ujumbe wa muamala haujafutwa.

Alafu wekeni kanuni kwamba hela ya kikoba haiombwi kwa kuandika. Anayetaka apige simu asikike sauti. Na hata sauti, mwulize kitu ambacho mnakijua nyinyi wawili. Ya wanawake watatu nadhani kikoba kikae mkutano wa ana kwa ana, msilizungumzie kwenye grupu, maana nimeona vikoba viwili vikivunjika sio kwasababu ya hela ila kwasababu ya maneno yaliyoandikwa usiku watu wakiwa na hasira.

Anti za leo. Nina miaka 22 naishi Ujiji. Tuna grupu la ukoo na majirani wa zamani, wazee wanatuma voisi za dakika saba nane, wanabishana meli ya Liemba nani aliizamisha, nani alikuwa anakaa nyumba gani, treni ilikuwaje. Mmoja babu yetu anakohoa katikati ya hadithi mpaka unamuonea huruma. Bando linaisha. Nataka kumwomba admini azuie voisi, nakosea? (Kijana, Ujiji)

Mdogo wangu, barua yako nimeichagua ya mwisho kwa makusudi maana ndo imenigusa zaidi.

Bando ni kero ya kweli, sikatai. Lakini voisi ni nyepesi, kinachokula bando ni video na picha za asubuhi njema. Nenda kwenye mipangilio zima upakuaji wa picha na video zenyewe zenyewe, utaona tofauti.

Kuhusu ubishi wa Liemba nikupe ili uwape wazee. Meli ilijengwa Papenburg Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande ikafungwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli ya kati ambayo ilifika kwetu 1914, ikaungwa hapahapa na kuingia majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe ndo waliizamisha walipokuwa wanakimbia, wakapaka mashine grisi kwanza zisiharibike. Waingereza waliinua 1924 na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Kwahiyo mzee anayesema Waingereza waliizamisha kakosea, ila usimsahihishe mbele ya wote, mtumie pembeni aseme mwenyewe.

Ila hayo ya tarehe yapo vitabuni, hayapotei. Nani alikuwa anakaa nyumba gani Ujiji, jahazi la nani lilienda Kalemie, bibi yupi alikuwa anapika maandazi kituoni treni ikiingia, hayo hayapo popote zaidi ya kwenye vifua vya hao wazee na kwenye hizo voisi unazotaka zizuiwe. Na hawa ni watu wanaosimama na neno lao, unasikia sauti, unajua ni babu fulani, akikosea mwenzake anamrekebisha kwa jina. We ungekuwa unawauliza maswali. Babu nyumba hiyo iko upande gani wa msikiti, mwaka gani, mlikuwa watoto wa umri gani.

Kuna kitu kimoja kinanitia wasiwasi. Magrupu mengi yamewashiwa meseji zinazojifuta, baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Fungua leo mipangilio ya grupu lenu uangalie, kama imewashwa mpigie admini aizime, alafu zile voisi za babu anayekohoa zihamishie kwenye memori kadi moja moja, uandike tarehe na jina lake, kabla hujalala.