Bega limechomoka tena: lazima eksirei?

SWALI: Daktari, nina miaka 24. Bega langu la kulia limechomoka mara ya nne, safari hii nikivaa shati tu. Daktari wa zamu alilipapasa, akalirudisha bila kunipiga picha kwanza. Je, alinipuuza?

JIBU: Hakukupuuza, ndugu yangu. Bega la kijana lililozoea kuchomoka, tena bila kishindo, ni nadra kuwa na mfupa uliovunjika upya. Kukuweka foleni ya eksirei kungekuongezea maumivu, na kadiri misuli inavyokaza ndivyo kulirudisha kunavyokuwa kugumu.

Mimi hudai picha kwanza ikiwa ni mara ya kwanza, au mgonjwa amefikisha miaka 40, ameanguka kutoka juu, amepata ajali ya gari, amepigana, au damu imevilia kwenye mkono wa juu. Shingo ya mfupa wa mkono wa juu, yaani sehemu iliyo chini ya kichwa chake, ikiwa na ufa, nikivuta mkono naweza kuutenganisha mfupa kabisa. Hilo linanitia hofu kila zamu. Aliyetoka kwenye degedege au kupigwa na umeme simwamini hata kidogo: bega lake huweza kuchomokea nyuma, na picha ya mbele pekee ikaonekana kama ya mzima. Lazima na ya pembeni.

Lakini nikuulize: alikugusa kwa pamba upande wa nje wa bega, akauliza kama unahisi? Neva ipitayo hapo haionekani kwenye eksirei. Kama pana ganzi, rudi leo. Na mara nne zimetosha. Muone bingwa wa mifupa.