Damu ukeni ukiwa mjamzito: ultrasaundi peke yake haitoshi

Mjamzito akitokwa damu, mara nyingi hupelekwa moja kwa moja ultrasaundi. Mtoto anacheza, kondo la nyuma liko mahali pake, basi anaambiwa akapumzike. Lakini ultrasaundi ya tumbo inaweza kupitwa kabisa na kidonda kilicho kwenye mlango wa kizazi, na saratani ikaendelea kukua huku mama akihudhuria kliniki bila kukosa.

Kwa hiyo, mama, ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au ukiwa na uchafu wenye harufu mbaya usioisha kwa dawa, omba mlango wa kizazi uangaliwe kwa spekula, kifaa cha kupanua uke ili ndani paonekane. Ni dakika chache, na hakuharibu mimba. Ila mimba ikiwa kubwa, kipimo cha vidole kisubiri ultrasaundi ithibitishe kwamba kondo halijaziba njia.

Kikionekana kidonda cha kutiliwa shaka, usiambiwe usubiri mpaka ujifungue. Hukatwa kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Mlango wa kizazi wa mjamzito hutoa damu kirahisi, hivyo daktari awe na shashi na dawa ya kuzuia damu mkononi. Kinachokatazwa ni kukwangua ndani ya mlango wenyewe. Kukata kipande kikubwa chenye umbo la koni ni kwa anayeshukiwa kuwa na saratani hasa, na vyema kati ya wiki ya 14 na ya 20, kwani mimba inaweza kutoka.

Majibu yakionyesha mabadiliko ya awali tu, ambayo bado si saratani, mlango wa kizazi usichomwe kwa joto wala kugandishwa ukiwa na mimba. Yanafuatiliwa, kisha unapimwa tena wiki 6 hadi 8 baada ya kujifungua.

Ikiwa ni saratani kamili, kuenea kwake hupimwa kwa MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, bila gadolini, dawa ya kung'arisha picha hiyo. Mionzi ya nyonga huua mtoto tumboni, kwa hiyo mimba ikibaki, mionzi hungoja. Tiba ya kemikali haitolewi miezi mitatu ya kwanza, viungo vya mtoto vinapoumbika. Baada ya hapo, dawa za sisplatini au kaboplatini pamoja na paklitakseli hutolewa kila wiki 3. Dozi ya mwisho isivuke wiki ya 35, na ibaki nafasi ya wiki 3 kabla ya kujifungua. Nafasi hiyo ikikosekana, mama na mtoto wote hufika siku ya kujifungua seli za damu zikiwa chini, na hapo ndipo damu isiyokatika na maambukizi hutokea.

Uvimbe ukiwa bado upo, kujifungua kuwe kwa upasuaji, mfuko wa uzazi ukipasuliwa juu, mbali na uvimbe. Kwa njia ya kawaida uvimbe huweza kuchanika, na seli za saratani zikaota kwenye kovu la msamba. Kondo nalo lipelekwe patholojia, maabara inayochunguza kama lina seli za saratani. Na kama dawa zinaendelea baada ya kujifungua, mtoto asinyonye.