Vifungu vya sheria kwenye insha ya kuomba chuo cha sheria

Je, kujaza vifungu vya sheria kwenye insha ya maombi kunaipa hoja nguvu? Hapana, kurundika vifungu na maneno ya Kilatini hakuipi hoja nguvu. Wanaosoma maombi wanapima unavyofikiri. Sheria yenyewe watakufundisha wao. Ukiandika "napenda haki" hujathibitisha kitu. Andika ulivyopitia mkataba wa jirani yako mstari kwa mstari, ukakuta notisi ni siku 30 wakati yeye kapewa 7, kisha useme ulichofanya. Hapo hata neno "haki" halihitajiki. Nasahihisha insha hizi, na nyingi huangukia hapo hapo: madai matupu. Ila kama unaomba Marekani, alama mbovu zieleze kwenye kiambatisho kifupi. Vyuo vingi huko hutaka insha ya kurasa 2 tu, usizimalizie kwenye kujitetea.