Feni ya turbo haikerezwi

SWALI: Assalaam alaykum. Turbo ya boti yangu ya dizeli imekatika mapezi mawili, upande wa eksozi. Fundi mmoja ananiambia atanikerezea feni nyengine kwa stenlesi, umbo lile lile, kwa bei ndogo sana. Nikubali? Na ya kiwandani ina nini hata ikawa ghali namna ile?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Usikubali. Turbo ina feni mbili kwenye shafti moja: moshi wa eksozi huizungusha moja, na ya pili husukuma hewa kwenye injini. Fundi hodari ataliiga umbo, lakini hawezi kuiiga metali yenyewe.

Piga hesabu hii. Feni ya kipenyo cha sentimita 6 ikizunguka mara 100,000 kwa dakika, ncha ya pezi hukimbia mita 314 kila sekunde. Gramu 1 ya metali iliyopo ukingoni huvutwa kwenda nje kwa nguvu ya kilo 335, karibu mapolo saba ya mchele ya kilo 50. Na hayo yote yamo ndani ya moshi wa nyuzi 600 za Selsiasi. Chuma cha kawaida kwenye joto hilo kimeshapoteza takriban nusu ya nguvu zake. Stenlesi hustahamili zaidi, lakini nayo hurefuka: metali ikivutwa bila kupumzika huku imewaka moto, hunyooka kidogo kidogo, hata kama mzigo huo usingeifanya kitu ingekuwa baridi. Pezi halihitaji kurefuka hata milimita moja kugusa nyumba ya turbo, na likigusa tu, limevunjika.

Feni nyingi za upande wa moto hufanywa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) iitwayo Inconel 713C. Karibu robo tatu yake ni nikeli, kromiamu ni asilimia 12 hivi, aluminiamu 6, na iliyobaki ni molibdeni na nyengine chache. Aluminiamu, ambayo ikiwa peke yake huyeyuka kwa nyuzi 660, ndiyo inayoipa nguvu: hushikana na nikeli ikafanya chembe ndogo mno zilizotapakaa ndani, na chembe hizo huizuia metali isiteleze inapovutwa.

Aloi hiyo ni ngumu kukereza, kwa hivyo humiminwa. Feni hutengenezwa kwanza kwa nta, nta ikachovywa kwenye uji wa kauri mara kadhaa na kukaushwa kila mara, kisha ikayeyushwa itoke. Metali humiminwa ndani ya ombwe, kwani hewa ingeiunguza aluminiamu. Hapo mhandisi wa metali huipiga eksirei kutafuta matundu, na vipande vya majaribio huning'inizwa mzigo ndani ya tanuri mpaka vikatike, saa zikihesabiwa. Baadaye feni huunganishwa na shafti ya chuma na kusawazishwa. Sehemu ya kumi ya gramu ikizidi upande mmoja, beringi hupigwa na kilo 33 zaidi ya mara 1,600 kwa sekunde.

Nunua kiini kizima, yaani feni, shafti na beringi zikiwa pamoja, kilichokwisha kusawazishwa. Kabla ya kukifunga, tafuta mapezi yaliyokatika yamegongwa na nini. Mara nyingi ni kipande cha vali au cha ringi, na kikibakia kwenye eksozi kitaivunja na mpya. Badilisha oili na filta. Bomba la kurudisha oili literemke wazi, lisikunjike. Usipake silikoni kwenye njia ya oili, vipande vyake huziba. Mimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo, zungusha injini bila kuiwasha mpaka presha ipande, ndipo uwashe. Ukirudi bandarini, iache injini izunguke polepole bila mzigo dakika 3 hadi 5 kabla ya kuizima, la sivyo oili iliyosimama kwenye beringi huungua ikawa makaa.

SWALI: Feni ya upande wa hewa imeota unga mweupe na vijitundu. Ni mafuta mabaya?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Hapana, ni chumvi. Feni hiyo ni ya aluminiamu, na matone ya bahari wakati wa kusi huila. Geuza mdomo wa filta usielekee mawimbi. Vijitundu vikiwa kwenye shina la pezi, badilisha, kwani ufa huanzia hapo.

SWALI: Nasikia pezi la injini ya ndege ni fuwele moja. Vipi?
Mwanafunzi, Mbweni

JIBU: Ni kweli, kwa mapezi ya safu zenye moto mkali. Metali ya kawaida ni fuwele ndogo ndogo nyingi zilizogandana, na kwenye moto mipaka baina yao ndiyo inayoachia kwanza. Ili mipaka hiyo isiwepo, kalibu yenye metali iliyoyeyuka hushushwa polepole kutoka kwenye tanuri ili metali igande kuanzia chini. Fuwele nyingi huanza kuota, zikaingia kwenye kijinjia chembamba kilichojipinda, na moja tu ndiyo inayotokea juu na kulijaza pezi zima.