Mdogo wangu anakariri paspepa, nimsaidieje?

SWALI: Habari za kazi mfamasia. Mi nina famasi ndogo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mdogo wangu na wenzie wawili wamemaliza digrii, mwaka wa intanshipu unaelekea ukingoni na sasa wanajiandaa na mtihani wa Baraza la Famasi. Kila jioni wako dukani kwangu wanakomaa na paspepa, majibu yote wanayo kichwani, ila nikiligeuza swali kidogo tu wanakwama. Hesabu ndo usiseme. Niwasaidieje, maana darasa nimeliacha kitambo?
Kaka mtu, Mbeya

JIBU: Kaka, poleni na baridi la huko. Darasa hujaliacha bwana, hiyo kaunta yako ndo darasa lenyewe. Paspepa sio mbaya, zinamzoesha mtu namna maswali yanavyokuja, ila kujua tu kwamba jibu ni C haisaidii, wakibadili umri wa mgonjwa kidogo umekwisha. Kila wakijibu waulize na zile nyingine kwa nini sio. Watanuna, waache wanune.

Halafu tumia vyeti vya dawa vinavyoingia hapo dukani, ila jina la mgonjwa funika, siri ya mtu usicheze nayo. Mfano mama anameza vidonge vya uzazi wa mpango na kaanzishiwa dawa za TB. Aliyekariri atakwambia rifampisini, moja ya hizo dawa za TB, inafanya mkojo uwe mwekundu, sawa, ila wewe unataka kusikia kwamba rifampisini inalifanya ini livunje homoni za kile kidonge haraka, kinga inapungua na mama anaweza kushika mimba huku anameza kila siku, kwa hiyo ashauriwe njia gani nyingine na aambiweje bila kutishwa mpaka aache dawa za TB. Au mzee yuko kwenye warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, kaandikiwa metronidazo, antibayotiki. Mmoja ajifanye daktari, mwingine ampigie simu amweleze kwamba metronidazo inazuia warfarini isivunjwe, mzee anaweza kuvuja damu, na apendekeze kitu, sio kulalamika tu.

Hesabu zifanyike kila siku kabla ya kitu kingine chochote, kalamu na karatasi, simu weka droo. Anza na nyepesi: mtoto wa kilo 12, parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, sirapu ina miligramu 120 kwenye mililita 5. Hapo ni miligramu 180, yaani mililita 7.5. Wakizoea wape ya kuumiza kichwa, inatakiwa dekstrosi, yaani dripu ya sukari, ya asilimia 10, mililita 450, na stoo ipo ya 50 na ya 5 tu. Jibu ni mililita 50 za ile kali na 400 za ile nyepesi, lakini mtu asifunge daftari mpaka ahakiki: gramu 25 jumlisha gramu 20 ni 45, ndani ya mililita 450, imetimia. Hapo kwenye kuhakiki ndo wengi wanaruka, wanaandika jibu wanahama, kumbe nukta imekaa pabaya na yule mtoto kaandikiwa mililita 75. Jibu likisema mtoto wa kilo 12 anywe karibu chupa nzima kwa mkupuo, hata hesabu hujarudia ushajua hapa pana shida!

Angalia na madesa yao ni ya lini. Kama bado yanasema TFDA ndo inasimamia chakula na dawa, hayo ya kufungia maandazi, tangu 2019 ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, chakula na vipodozi vikahamia TBS, Shirika la Viwango. Wasome Muongozo wa Matibabu wa taifa wenyewe, sio muhtasari wa mtu, na Sheria ya Famasi ya 2011 waishike mkononi, wajue mfamasia anaruhusiwa nini, mteknolojia wa dawa nini, na duka la dawa muhimu linaishia wapi. Sheria inaboa, najua, ndo maana isomwe mapema wakati akili bado inakubali.

Kati yao watatu yuko mmoja mwepesi anayejibu kabla wenzie hawajafikiri. Huyo mpe kazi ya kuuliza maswali, asijibu. Na tarehe na ada za mtihani msichukue za kwenye magrupu ya WhatsApp, ulizeni Baraza moja kwa moja.