Straika unayeanza, msome Giroud kabla ya Mbappé

Kijana akipandishwa timu ya wakubwa kucheza namba tisa, huwa namuuliza anamwangalia nani. Wengi hunitajia Mbappé, na wachache waliosimuliwa na kaka zao hutaja Henry. Sina ubishi nao. Ila mbio za Mbappé hazifundishiki: kama hukuzaliwa nazo, hakuna kocha atakayekupa. Ndiyo maana mimi hufundishia Olivier Giroud, straika mrefu wa Ufaransa. Mbio hana, chenga za kumwacha beki ameketi chini hana, na bado alipostaafu timu ya taifa mwaka 2024 ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa muda wote wa timu ya wanaume ya Ufaransa, mabao 57 katika mechi 137. Henry aliishia 51.

Anza na njia aliyopita, maana najua wengi wenu mna haraka. Giroud alizaliwa Chambéry mwaka 1986 na akakulia Froges, kijiji cha jirani na Grenoble. Klabu ya Grenoble ilimlea tangu akiwa na miaka 13, lakini kocha wa timu ya wakubwa hakumwona kuwa wa kiwango chake. Msimu wa 2007/08 akapelekwa kwa mkopo Istres, daraja la tatu, akafunga mabao 14. Msimu huohuo Grenoble wakapanda Ligi Kuu, na yeye hawakumchukua waende naye. Akahamia Tours, waliokuwa ndiyo kwanza wanaingia daraja la pili. Msimu wake wa pili pale alipachika mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa daraja hilo. Montpellier wakamsajili dirisha dogo la Januari 2010, wakamwacha Tours amalizie msimu. Alipoanza kucheza Ligi Kuu ya Ufaransa alikuwa anakaribia miaka 24.

Kwa hiyo ukiambiwa unakwenda kwa mkopo timu ndogo, usinune. Usiulize timu ina jina gani. Uliza mambo mawili: mastraika wangapi wako pale, na mpira unafikaje mbele. Kama kocha wa huko ana mawinga wanaopiga krosi na wewe ni mrefu unayejua kuruka, nenda hata kama uwanja ni wa vumbi. Kama timu inacheza kwa kuvizia mipira mirefu nyuma ya mabeki na wewe mbio zako ni za kawaida, utakaa msimu mzima ukikimbiza vivuli, na ripoti itakayorudi kwa klabu yako itasema hufungi. Wazazi na mawakala huwa wanatazama mshahara tu. Swali lile la pili, la mpira unafikaje mbele, lazima uliulize mwenyewe.

Montpellier sitakaa nako sana. Msimu wa 2011/12 timu ile ilichukua ubingwa wa Ufaransa kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikiwaacha PSG wenye fedha mpya za Qatar kwa pointi tatu. Giroud alifunga 21, sawa na Nenê wa PSG, ila akapewa yeye ufungaji bora kwa sababu penalti zake zilikuwa chache. Kumbuka tu kwamba hiyo ilikuja miaka minne baada ya Istres.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kazi ya kwanza ya namba tisa wa aina hii ni kupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo. Hapa ndipo ninapoona vijana wengi wanakwama, na kosa ni lilelile: anasubiri mpira ufike, anautuliza, halafu ndiyo anainua kichwa kutafuta wa kumpa. Kufikia hapo beki ameshapitisha mguu. Mtazame Giroud. Mpira ukiwa bado miguuni mwa kiungo, yeye ameshageuza shingo mara mbili, anajua nani anakuja kwa kasi na upande gani. Kisha anaweka mwili kabla ya mpira: anarudi nyuma hadi amguse beki, magoti yamekunjwa, makalio nje, mkono umetanuka kidogo kumpima jamaa yuko wapi. Si kumsukuma, ukimsukuma refa atapuliza. Mpira ukifika anaugusa mara moja tu, umeshaondoka kwenda kwa anayekimbia. Bao la Wilshere dhidi ya Norwich, Oktoba 2013, ambalo hadi leo mashabiki wa Arsenal, klabu aliyohamia Giroud kutoka Montpellier, hawaachi kulirudia, limejengwa hivyo: pasi fupifupi za mguso mmoja kati ya Cazorla, Wilshere na Giroud, na ya mwisho ni ya Giroud, kaudokoa nyuma ya mabeki kana kwamba ana macho kisogoni. Eden Hazard, aliyecheza naye Chelsea, alimsifu hadharani kwa kazi hiyohiyo, na Hazard hakuwa mtu wa kuhitaji msaada wa kufunga.

Mazoezi yake ni rahisi na yanachosha. Beki mmoja mgongoni, kiungo mbele, wakimbiaji wawili pembeni. Kabla kiungo hajapiga, mmoja wa wakimbiaji ananyoosha mkono kimyakimya. Wewe unatakiwa uwe umeshamwona, umpe kwa mguso mmoja. Ukigusa mara mbili, mnaanza upya. Vijana hulichukia zoezi hili wiki ya kwanza kwa kuwa halina shuti ndani yake.

Hapo ndipo nawaletea Kombe la Dunia la 2018. Giroud alicheza mechi zote saba, dakika 546, na hakupiga hata shuti moja lililolenga goli. Hata moja. Mechi ya kwanza, na Australia, alianzia benchi. Akaingia dakika ya 70, akagongeana na Pogba, na kutokana na kugongeana kule likaja bao la ushindi. Baada ya hapo kocha wa Ufaransa, Deschamps, hakumtoa tena kwenye kikosi cha kwanza mpaka kombe likabebwa. Kocha aliona kile ambacho sisi tuliokuwa kwenye mabanda ya video tulikuwa tunakibeza: mabeki wawili wa kati wakishamkumbatia yule mrefu, Griezmann na Mbappé wanabaki na nafasi ya kupumua.

Lakini msije mkanigeuzia hilo kuwa kisingizio. Nimeshasikia straika aliyekaa miezi bila bao akisema, “Kocha, hata Giroud.” Giroud alifika Urusi akiwa na mabao zaidi ya 30 ya timu ya taifa mfukoni. Alikuwa ameshalipa. Wewe katika mkataba wako wa kwanza utahesabiwa mabao, na ukitaka kuyapata bila mbio, jifunze mlingoti wa kwanza.

Mabao mengi ya Giroud yamefungwa palepale, hatua chache kutoka mlingoti ulio karibu na mpiga krosi. Siri yake ni mwanzo wa mbio. Anaanza akiwa amesimama nyuma ya bega la beki, mahali ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa wakati mmoja. Anapiga hatua moja au mbili kama anayekwenda mlingoti wa mbali, beki anamfuata kwa uzito wa mwili, halafu anakata mbele yake. Hapo haihitajiki kasi, inahitajika saa. Ukiondoka mapema unafika kabla ya mpira na kusimama. Ukichelewa beki ameshaondosha. Na mguso ni mmoja, wa ndani ya mguu au wa kichwa. Usiupige kwa nguvu, krosi yenyewe inakuja na nguvu yake.

Halafu kuna kukosa. Utakosa sana, zoea. Februari 2015 Arsenal walifungwa 3-1 na Monaco nyumbani kwao, Giroud akipoteza nafasi za wazi mpaka akatolewa dakika ya 60. Magazeti yalimchana. Siku nne baadaye akaanza dhidi ya Everton, akafunga, na kwa mwezi ule wa Machi yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Robo fainali ya Kombe la Dunia la 2022 na Uingereza ni mfano mfupi zaidi: kipa Pickford alimpangulia shuti la karibu ambalo wengi tungeshika vichwa. Yeye hakushika kichwa. Dakika hiyo inageuka, Griezmann anapiga krosi kutoka kushoto, Giroud yuko mbele ya beki Maguire, kichwa, bao la pili, Ufaransa nusu fainali. Ukikosa, kazi yako inayofuata ni kuangalia uko wapi na mpira uko wapi. Majuto yasubiri bafuni.

Bao la kisigino dhidi ya Crystal Palace, tarehe 1 Januari 2017, lile lililompa tuzo ya Puskás, ya bao bora la mwaka, kila kijana ameliona kwenye simu. Ninachowaomba warudishe video nyuma kidogo. Shambulizi lile alilianzisha mwenyewe katikati ya uwanja kwa mguso wa kisigino, kisha akakimbia mpaka boksi. Krosi ya Sánchez ilimpita nyuma, akaukunja mguu. Mwenyewe alikiri kuna bahati ndani yake. Zile mita alizokimbia bila mpira hazikuwa na bahati.

Benchi nalo mtalionja. Arsenal walipowaleta mastraika wengine, Lacazette na baadaye Aubameyang, Giroud alihamia Chelsea dirisha dogo la 2018, na kule pia akasugua benchi vipindi virefu. Lakini alicheza Europa League ya 2018/19 kama vile ndiyo ligi pekee duniani: mabao 11, mfungaji bora, na katika fainali ya Baku akawafungua Arsenal walewale kwa kichwa cha kuchupa. Desemba 2020, akiwa na miaka 34, alipewa nafasi ugenini Sevilla, akafunga mabao manne peke yake. Fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu uleule alikaa benchi dakika zote 90 na akavaa medali yake. Hakuna haki kamili katika mambo haya. Kuna kuwa tayari tu. Fainali ya Kombe la FA ya 2017, akiwa bado Arsenal, aliingia dakika ya 78, na alichofanya kwanza cha maana ni krosi iliyomkuta Ramsey kichwani: bao la ubingwa. Ukiwa umekaa nje, usimtazame straika mwenzako ukimwombea mabaya, mtazame beki wa kati aliyechoka: anageukia upande gani kwa shida, mguu gani hautumii. Kocha akikuita, uwe na jibu tayari.

Kelele za watu? Mwaka 2016, siku chache kabla ya Euro ya nyumbani kwao, Wafaransa wenyewe walimzomea mjini Nantes kwenye mechi na Cameroon, sehemu kwa sababu walimtaka straika Benzema aliyekuwa nje ya timu. Alifunga mechi ileile. Kisha akafunga mawili dhidi ya Scotland, na ndiye aliyefungua ukurasa wa mabao wa mashindano yale dhidi ya Romania. Miaka minne baadaye Benzema akasema hadharani kwamba huwezi kulinganisha gari la Formula 1 na kart, kile kigari kidogo cha mashindano. Giroud akalimaliza kwa mzaha: la kwake limebeba Kombe la Dunia. Akaenda zake Milan, akavaa jezi namba 9 ambayo tangu Inzaghi aondoke ilikuwa inawashinda watu, akapiga mawili kwenye dabi na Inter ya Februari 2022 na mawili mengine siku ya mwisho kwa Sassuolo, na ubingwa wa Italia ukarudi baada ya miaka 11. Oktoba 2023, kipa Maignan alipopewa kadi nyekundu dakika za mwisho ugenini kwa Genoa na nafasi za kubadilisha wachezaji zimeisha, aliyevaa glavu akalinda bao moja lile mpaka filimbi ni Giroud, miaka 37. Nimewahi kufundisha straika wa miaka 18 aliyekataa kusimama kwenye ukuta wa faulo.

Kabla ya mazoezi ya Jumatatu nataka mtazame kitu kimoja: Ufaransa na Argentina, Kazan, 2018, bao la nne, dakika ya 68. Mpira unaanzia nyuma kabisa kwao. Usimwangalie Mbappé, utamwona tu mwishoni. Mwangalie Giroud tangu mpira uko kwa kiungo: hesabu amegeuza shingo mara ngapi, na uone mabeki wako umbali gani naye pasi inapofika. Mje mniambie aligusa mpira mara ngapi kabla ya kumsogezea mwenzake.